Sokwe Waliosahau Kuchekesha Watu

Ukiishi Katubuka, sokwe si habari ngeni. Uwanja wa ndege wa Kigoma uko hapa hapa kwetu, kwa hiyo wageni wengi wanaokuja kuwaona sokwe wa Gombe na Mahale hutua kwanza mlangoni petu, wakafuta jasho, wakapanda teksi na kuteremka ziwani. Watoto wa mtaani wanawatambua kwa mbali: kofia pana, viatu vizito na darubini shingoni.

Lakini siku moja pale kijiweni kwa muuza kahawa pakawaka moto. Kijana mmoja alikuwa na video kwenye simu yake: sokwe kavalishwa suruali na kofia, anaendesha baiskeli kwenye sarakasi ya Ulaya ya zamani, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na pale kijiweni nasi tukacheka. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, ndiye pekee aliyenyamaza. Alipomaliza kikombe chake akasema, "Wajukuu zangu, hao wa sarakasi wengine waliletwa hapa hapa Tanzania. Walishushwa kisiwani, Ziwa Victoria."

Wee! Kijiwe kizima kikamrukia. Mmoja akasema mzee kazeeka, mwingine akasema hiyo ni hadithi ya abunuwasi. Mzee hakubishana, akajiondokea zake na fimbo yake. Mimi nikabaki na dukuduku. Nikauliza huku na huku, nikasoma, na mwisho nikafunga begi. Mpenzi msomaji, mzee alikuwa anasema kweli tupu.

Jina la kisiwa ni Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, shirika la Kijerumani liitwalo Frankfurt Zoological Society, likiongozwa na Bernhard Grzimek, yule yule aliyeipigia debe Serengeti dunia nzima, lilileta sokwe 17 kutoka Ulaya katika mafungu manne. Walikuwa wametoka kwenye bustani za wanyama na kwenye sarakasi. Walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wachanga na kuuzwa. Kuna aliyekaa kifungoni miezi michache tu, na kuna aliyemaliza miaka 9.

Kabla sijapanda basi, ngoja nikueleze sokwe anafikaje kwenye sarakasi, maana hapo ndipo kicheko kinapokauka. Sokwe jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kama mitano hivi ndipo azae mwingine. Mtoto hunyonya miaka minne au mitano, analala na mama, anabebwa mgongoni, na kila kitu anajifunza kwa kumwangalia mama. Mama wa namna hiyo hamwachii mtu mwanawe. Anayetaka mtoto humpiga mama risasi kwanza, na mara nyingi wenzake wanaokuja kumtetea huanguka naye. Kwa hiyo yule mmoja unayemwona kwenye baiskeli kaacha maiti nyuma yake.

Huko alikopelekwa alivalishwa nguo akafundishwa adabu za mezani. Bustani ya wanyama ya London ilianza mwaka 1926 kuwaandalia sokwe karamu za chai mbele ya watazamaji, na mchezo huo haukukoma hadi mwaka 1972. Watoto wa Kizungu walikuwa wanaletwa na wazazi wao kuangalia sokwe wakimwagiana chai. Na ule mdomo wazi wenye meno yote nje, ambao wapiga picha waliupenda na wauza bidhaa wakautumia kwenye matangazo, si kicheko. Wataalamu wa sokwe wanasema huo ni uso wa woga. Sokwe akifurahi hulegeza mdomo na meno ya juu hufunikwa. Rudia video zako za zamani, angalia tena, halafu niambie kama bado zinachekesha.

Tena mchezo wenyewe una muda wake. Sokwe akishafika umri wa balehe anakuwa na nguvu za kumshinda mwanaume wa miraba minne, na hataki tena kuamrishwa. Hapo ndipo bwana wa sarakasi anapoanza kutafuta pa kumtupa. Kumrudisha porini haiwezekani, maana pori lenyewe halijui. Kumweka ni gharama, na sokwe anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Hebu piga hesabu: miaka mitano ya kuchekesha watu, miaka arobaini na ushee ya kifungo.

Basi, safari. Alfajiri ya saa kumi na moja bodaboda alinitoa Katubuka, tukapita pembeni ya bwawa letu ambalo mvua ikizidi linafurika na kuingia nyumbani kwa watu, mpaka stendi ya Masanga. Basi likaondoka limejaa pomoni: madumu ya mawese, mafurushi ya dagaa na mama mmoja aliyepakata jogoo kama mtoto. Tukapita Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, zaidi ya kilomita 300. Barabara hii tuliijua kwa vumbi lake. Ukishuka Kibondo hata mama yako alikuwa hakutambui. Pale palipo na lami sasa basi linateleza, abiria wanasinzia, jogoo naye kasinzia. Baada ya Nyakanazi nikabadilisha magari kuelekea pande za Chato, na usiku ukanikuta Muganza, mji wa wavuvi, ambako nililala kwenye gesti yenye harufu ya sangara hadi kwenye mto wa kulalia.

Asubuhi nikaenda Kasenda, boti ya hifadhi ikanivusha. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Sisi wa Tanganyika tumezoea ziwa lenye kina cha kutisha na milima ukutani. Victoria ni jingine, limetandika tu, halina ukuta. Halafu Rubondo ikajitokeza, kijani kibichi kuanzia majini mpaka juu, kwenye miti mikubwa furukombe wakiita kila upande. Boti ikagusa Kageye, makao makuu ya hifadhi. Kiboko mmoja alikuwa anatutazama kwa macho ya mwenye nyumba.

Kisiwa kina ukubwa wa kilomita za mraba kama 240 hivi na sehemu kubwa ni msitu. Simba hakuna, chui hakuna. Hii ndiyo sababu moja iliyomfanya Grzimek akichague: mnyama mgeni asiye na mazoea ya pori angepata walau nafasi ya kujifunza bila kuliwa siku ya kwanza. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Wanyama wengine nao waliletwa kwa boti: twiga, tembo, mbega. Wengine walishindwa. Vifaru weusi walioletwa walitoweka, majangili waliwafuata hadi majini.

Lakini tusisahau kwamba kisiwa hakikuwa kitupu. Kulikuwa na watu, wavuvi na wakulima, nao wakahamishwa kwenda visiwa vya jirani na nchi kavu ili wanyama wapate nafasi. Mimi natoka mtaa ambao watu wameona maji yakichukua nyumba zao, najua maana ya kuacha kaburi la bibi na mwembe ulioupanda mwenyewe. Kwa hiyo kila ukisikia Rubondo ikisifiwa, kumbuka kuna ukoo uliolipa sehemu ya gharama. Wala hawakuulizwa kama sarakasi ziliwahi kuwachekesha.

Nikapewa askari wa hifadhi, kaka mmoja mpole lakini macho yake hayatulii, na mfuatiliaji wa sokwe mwenye panga. Kabla ya kuingia msituni nikaambiwa nivae barakoa.

"Mafua yako wewe dada yanaweza kumuua," askari akasema. "Wao na sisi ni ndugu, magonjwa yetu wanayapata."

Si maneno ya kutishana. Kule Gombe, mwaka 1966, mwaka ule ule ambao sokwe wa kwanza wa Ulaya walikanyaga Rubondo, kulitokea mlipuko wa ugonjwa wa kupooza, na sokwe kadhaa walikufa au kubaki vilema.

Tukatembea. Msitu wa Rubondo hauna njia pana; ni kuinama, kuruka mizizi, kunaswa na miba, kuinama tena. Njiani askari akanisimulia yaliyotokea wale sokwe walipofunguliwa makreti. Hawakupewa mafunzo yoyote. Hapakuwa na kituo cha kuwazoesha wala mtu wa kuwaonyesha tunda gani linaliwa na lipi lina sumu. Milango ilifunguliwa, wakatoka, basi.

Mwanzo haukuwa mzuri. Walikuwa wamezoea watu, chakula chao kilikuwa kinatoka mikononi mwa watu. Wengine waliwafuata binadamu, na madume waliozoea kupambana na walezi wao waliwashambulia wafanyakazi wa kisiwani. Baadhi yao ilibidi wapigwe risasi. Fikiria maisha ya sokwe kama huyo: kaona mama yake anauawa kwa bunduki huko Afrika Magharibi, kachezeshwa Ulaya, karudishwa Afrika kwa nia njema, na bunduki ikamkuta tena Rubondo.

Waliobaki walifanya jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Katika muda wa kama mwaka mmoja walikuwa wanakula matunda na majani ya msituni, na jioni wanajenga viota vya kulalia juu ya miti, wakikunja matawi kama sokwe yeyote aliyelelewa na mama yake. Wakazaa. Na watoto wao hawajui baiskeli wala chai, wala hawajawahi kuvaa suruali. Leo wako makumi kadhaa kisiwani, na karibu wote ni wa kizazi kilichozaliwa hapo hapo.

Mfuatiliaji akasimama, akanyosha panga juu. Viota! Nikaviona kama vikapu vilivyosukwa na kutelekezwa kwenye uma wa matawi, majani ya kimoja bado mabichi.

"Wamelala hapa jana," akanong'ona.

Tukafuata. Saa moja. Saa mbili. Barakoa imelowa, jasho linaingia machoni. Mara mlio: unaanza chini chini, huu, huu, huu, unapanda, unapanda, hadi unapasuka kuwa mayowe, na mwingine unajibu upande wa pili wa bonde. Nywele zilinisimama, sikufichi. Pale juu ya mmea mmoja wa kutambaa uliobeba matunda ya manjano nikamwona jike na mtoto tumboni kwake. Alikuwa mbali, zaidi ya upana wa uwanja wa mpira. Akatutazama. Sikuona tabasamu wala meno. Akatafuna, akateremka taratibu upande wa pili wa mti, na msitu ukafunga.

Basi. Yote haikuzidi dakika moja. Simu ilikuwa bado mfukoni.

"Pole dada," askari akasema. "Kuna wageni wanasikitika, wanasema wametumia hela nyingi kuona mgongo tu."

Nikamwambia mimi nimeridhika. Kwa mnyama ambaye babu zake walikuwa wanalipwa ndizi ili waangaliwe, kuondoka tu bila kukujali ni jambo kubwa. Hakunikimbia kwa woga wala hakuja kuniomba chochote. Alikuwa na shughuli zake. Imechukua kazi ya miaka mingi kuwazoesha sokwe hawa kuvumilia kutembelewa na watalii, na bado wao ndio wanaoamua kama leo watakuonyesha uso au mgongo.

Sasa usije ukaniambia, "Kumbe rahisi, wafunguliwe wote!" Hapana. Rubondo ilikuwa bahati nasibu. Leo hakuna mtaalamu makini angewamwaga sokwe hivyo, bila kupima magonjwa, bila kuwaandaa, tena kwenye kisiwa ambacho sokwe hawakuwahi kuishi. Na wengi waliookolewa hawawezi tena kurudi.

Mfano hauko mbali, uko juu ya ziwa hili hili letu. Bujumbura kulikuwa na sokwe aitwaye Poco. Tajiri wake alimning'iniza kwenye kizimba chembamba ili awavutie wateja kazini kwake. Hakikuwa na nafasi ya kutembea kwa miguu minne kama sokwe wenzake, ila kukaa wima au kusimama. Akakaa humo miaka mingi. Taasisi ya Jane Goodall ilimwokoa, na vita vya Burundi vilipochacha, mwaka 1995 yeye na wenzake wakahamishiwa Kenya, kwenye kituo cha Sweetwaters huko Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, kilichofunguliwa mwaka 1993. Huko alipata majani, jua na wenzake. Lakini kwa miaka mingi watu waliendelea kumwona akitembea wima kama binadamu. Kizimba kilitolewa, umbo la kizimba likabaki mwilini mwake.

Uganda nako, kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria, kimekuwa kikiwapokea sokwe yatima tangu mwaka 1998. Wanashinda msituni, jioni wanarudi kula na kulala, maana kisiwa chenyewe ni kidogo, hekta kama 40 tu, na msitu wake hautoshi kuwalisha. Vituo kama hivi vinafanya kazi ya ubinadamu, lakini kila anayevisimamia atakwambia kwamba sokwe akishafika pale, mambo yameshaharibika. Chakula, daktari, uzio na mishahara ya walezi, kwa miaka 40 au 50, kwa sababu ya mtoto mmoja aliyeuzwa.

Dunia imeanza kushtuka. Bolivia mwaka 2009 ilipiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi. Uingereza yenyewe, ile ya karamu za chai, imezuia wanyama wa porini kwenye sarakasi za kuzunguka tangu Januari 2020 kwa upande wa England. Marekani, sarakasi kubwa ya Ringling iliwastaafisha tembo wake mwaka 2016, ikafunga mwaka uliofuata, na iliporudi mwaka 2023 ilirudi na watu tu. Naam, inawezekana kuchekesha watu bila kumtesa kiumbe.

Na sisi wa Kigoma? Hapa ndipo nilipotaka tufike. Tanzania ina sokwe wa porini wanaokadiriwa kuzidi 2,000, na wengi wako pande zetu za Kigoma na Katavi, tena nje ya hifadhi, kwenye misitu ya vijiji ambako kila mwaka shamba linasogea na mkaa unachomwa. Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 na ambako kazi yake imeendelea hata baada ya kifo chake Oktoba 2025, ina sokwe wasiozidi mia hivi. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa Tacare na vijiji vya kando ya Gombe, kwa sababu ilibainika kwamba huwezi kumlinda sokwe huku jirani yake hana kuni, hana maji wala zahanati. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako vita vimefungua njia za kila magendo. Mtoto wa sokwe anaingia kwenye kapu, na ziwa halina geti.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kuna mambo matatu hayahitaji hela. Kwanza, video ya sokwe aliyevaa suruali ikikufikia, usiisambaze. Kila anayeitazama anamwonyesha mfanyabiashara kwamba soko lipo. Pili, ukiona mtu anafuga mtoto wa sokwe au anamtafutia mnunuzi, toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori au polisi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani na mtu anayemiliki mnyama wa porini bila kibali. Tatu, ukijaliwa, panda boti pale Kibirizi uende Gombe ukawaone wakiwa kwao. Wageni wanavuka bahari kwa ajili hiyo na wewe uko pua na mdomo. Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni.

Utapanda milima, utatoka jasho, na pengine utaonyeshwa mgongo kama mimi. Ukirudi mtaani watakuuliza picha iko wapi. Waambie sokwe alikuwa kazini kwake.